Moto Katika Nyumba ya Jolchu

Kijijini kwao, juu kule kwenye milima ya Naryn, sheria ilisema mtu hajafa mpaka tabibu athibitishe. Watu hawakuwa na subira hiyo. Kwa miaka thelathini na mmoja ya kazi yake ya utabibu zahanatini, Burulcha aliitwa mara nyingi wakati chai ya msiba imeshaanza kumiminwa, aweke saini tu kwenye fomu ya kifo aende zake. Saini aliweka, lakini kwanza alisikiliza moyo dakika nzima akitazama saa, akaangalia kifua kama kinapanda, akamulika macho kwa tochi aone kama mboni zitasinyaa. Vijana walimcheka kwamba hata kondoo aliyechinjwa angempima kwanza.

Asubuhi ile ya Februari alikuta hema la sufu limeshasimamishwa uani kwa Jolchu, mchungaji wa farasi. Jolchu alipotezwa njia na dhoruba ya theluji, na ndugu zake walimpata alfajiri amelala kando ya zizi. Walimweka hemani bila moto, kama wanavyowekwa wafu wote wa huko, wasiharibike wakati jamaa wa mbali wakisubiriwa. Nje, wanaume waliegemea fimbo zao wakilia kwa sauti. Ndani, wanawake walikuwa wameelekea ukutani wakimwimbia nyimbo za maombolezo.

Burulcha alipiga magoti. Mwili ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, lakini kifua kilibonyea chini ya kiganja, na taya halikuwa limekakamaa. Alisikiliza. Kimya. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na saba.

"Mpelekeni ndani ya nyumba," alisema. "Polepole, msimtikise. Na washeni jiko."

Saparaly, kaka mkubwa wa Jolchu, aliingiza kichwa mlangoni. "Moto? Unataka ndugu yangu aoze kabla wajomba hawajafika?"

"Sijasema amekufa."

"Dada Burulcha, tumeshamlilia! Mtu analiliwa, halafu anarudishwa jikoni kama mkate?"

"Baridi kali inaweza kuuficha moyo, kaka. Akiwa hivi siandiki kitu. Nitaandika akishapata joto na bado yuko kimya."

Akmoor, mke wa Jolchu, aliinuka kutoka miongoni mwa waimbaji. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mbebeni," alisema, na hakuna aliyebishana naye.

Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imezibwa na theluji. Burulcha alimfunika Jolchu kwa mablanketi, akaweka chupa za maji ya moto kwapani zikiwa zimefungwa vitambaa, akaanza kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi. Alipochoka aliwaita wanaume. Wakaacha fimbo nje, wakaingia mmoja mmoja.

"Nguvu, Saparaly! Unambembeleza?"

"Nitamvunja mbavu."

"Mbavu zitaunga. Bonyeza."

"Tangu utotoni alikuwa ananisumbua huyu," alisema Saparaly akihema, na mtu mmoja akacheka, kisha akajutia kicheko chake.

Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Ishirini na tisa. Akmoor alibadilisha chupa bila kuambiwa, na kila kipimajoto kilipotolewa alimtazama Burulcha usoni. Burulcha alikwepa macho yale. Ni yeye aliyempa mwanamke huyu tumaini, na alijua atakayelazimika kulichukua ni yeye pia. Thelathini na moja. Adhuhuri ikapita, jasho likiwatiririka wanaume. Thelathini na tatu.

"Acheni," alisema.

Safari hii dakika moja haikumtosha. Alisikiliza tano. Akamulika macho, mboni zikabaki zimetanuka. Akabonyeza mfupa wa juu ya jicho kwa nguvu, mahali ambapo hata aliyezimia hukunja uso. Uso haukukunjika.

"Akmoor, mdogo wangu," alisema. "Jolchu amefariki. Saa tisa na dakika kumi."

Akmoor hakulia. Aliondoa zile chupa moja moja, akaufuta uso wa mumewe. Kisha wakambeba tena hadi hemani, na safari hii kilio kilitoka ndani zaidi vifuani.

Saparaly alimkuta Burulcha kwenye ngazi akijaza fomu.

"Mimi ndiye niliyesema awekwe hemani," alisema. "Saa nzima kabla hujafika. Ningewasha moto, angepona?"

Ilikuwa rahisi kumwambia hapana. Burulcha aliliona neno hilo lilivyokuwa karibu, na jinsi mzee huyu angelishukuru.

"Sijui, kaka," alisema. "Nilipofika moyo haukuwa unapiga. Kabla ya hapo sikuwepo, siwezi kuapa."

Saparaly aliitikia kwa kichwa taratibu, kisha akaketi kando yake juu ya ngazi ya baridi. Walikaa hivyo mpaka Saparaly alipoitwa kwenda kumwosha mdogo wake.