Taa Nne Juu ya Paa la Pikapu

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, nilipovuka mpaka kutoka Goma kurudi kwetu nikiwa nimekumbatia sanduku lenye taa nne, njia nzima nikitabasamu peke yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na pikapu niliyoachiwa na baba yangu mdogo, na kichwa kigumu ambacho sikuachiwa na mtu; hicho nilizaliwa nacho.

Kazi yangu ilikuwa kupakia akina mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alfajiri nawachukua Nyamyumba, samaki wakiwa bado wabichi kwenye mabeseni, nawapandisha mpaka soko la Mahoko. Kule chini, kando ya ziwa, njia haina taabu. Lakini ukianza kupanda milima ukungu unakushukia, na taa za gari langu zilikuwa zimechoka. Mama Devota, mkubwa wa wale akina mama, alikuwa amenisema mara nyingi: "We Saidi, tafuta taa. Iko siku utatuangusha." Alisema kweli. Akina mama wanane walikuwa wakipanda nyuma ya gari lile kila siku ya soko, wakitegemea macho yangu.

Kwa hiyo nilikwenda Goma kutafuta taa za kuongezea. Nia ilikuwa safi kabisa. Iliharibikia dukani.

Miaka ile mji wetu na ule wa Goma ilikuwa imejaa magari meupe ya mashirika ya misaada, yenye taa kubwa za mviringo juu ya paa. Likipita moja, watoto wanakimbia kuliangalia na watu wazima wanasogea pembeni. Sisi madereva wa pikapu tuliona wivu mpaka basi. Mwenye duka aliniwekea mezani aina mbili: taa mbili ndogo za manjano, zenye kioo kipana, na nne nyeupe, kubwa kama sahani za pilau. Akaziunganisha na betri, akaziwasha kuelekea ukutani. Zile za manjano zilitoa mwanga mpana, mpole. Zile nyeupe zilinifanya nifumbe macho. Nikasema, basi, taa ni hizi. Yaani nilikuwa napima taa za ukungu ndani ya duka, saa sita mchana, jua likiwaka nje! Mpaka leo nikikumbuka najicheka.

Nilizipeleka Mbugangari kwa Mzee Rashidi, fundi wa umeme wa magari, rafiki wa marehemu baba yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Alizigeuzageuza taa bila haraka.

"Mutoto wangu, hizi ni taa za mbali," alisema. "Ni za barabara imenyooka, haina ukungu. Kwetu huku ukungu iko kila siku. Rudisha, ulete za manjano, mi nakufungia chini, ku pare-choc."

"Mzee, huko chini kwenye bampa zitajaa matope."

"Zikijaa matope utapangusa. Mukono unao."

Nikamwambia wazi kwamba nazitaka juu ya paa, kama za mashirika. Akanywa chai yake. "Bon. Gari ni yako." Akazifunga. Nami nikadhani nimemshinda.

Alfajiri ya kwanza nilifika Nyamyumba zikiwaka zote nne. Akina mama walipiga vigelegele. Mama Devota mwenyewe alilizunguka gari akasema, "Yewe Saidi, sasa tumekuwa shirika!" Nikavimba kichwa. Tukapakia mabeseni, wakapanda, nikazizima ili niziwashe tena huko mbele kwa kishindo, tukaondoka.

Kwenye kona za kabla ya Mahoko tuliukuta ukungu, mzito kweli. Nikabonyeza swichi kwa mbwembwe zote, na barabara ikatoweka. Mwanga wote ulioondoka kwenye paa uligonga ukungu ukanirudi machoni, na mwingine ukapiga boneti ukanirudi vilevile. Sikuona mtaro wala kona, sikuona hata pua ya gari langu mwenyewe. Mtu mwenye akili angezima. Mimi nilipunguza mwendo tu, nikaendelea, kwa sababu niliona aibu kuzima taa zilizopigiwa vigelegele asubuhi hiyohiyo. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na sitalipamba.

Ghafla paa likagongwa kwa ngumi kutoka nyuma. "Zima! Saidi, zima hii mataa!" Mama Devota alikuwa akipiga kelele. "Iko mutu mbele, nasikia kengele!"

Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikazima. Zikabaki taa zangu za zamani, zile zilizochoka, nazo zikanionyesha mzee mmoja ameshika baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Alikuwa amesimama mbele ya bampa, karibu kiasi cha kumpa mkono, macho ameyafumba. Baadaye alinieleza kwamba ule mwanga ulimpofusha, hakujua akimbilie upande gani, akasimama tu akipiga kengele na kumngoja Mungu.

Alikuwa mzima. Akina mama wote wanane walikuwa wazima. Nilishuka, nikamshika yule mzee mabegani, nikalia. Sijawahi kushukuru namna ile, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Na ni yeye aliyenibembeleza mimi. "Humura, mwana wanjye," aliniambia, tulia tu, sijaumia.

Mama Devota hakunibembeleza. Alishuka, akajitanda mgongoni kitenge chake cha rangi ya limau, akasema, "Mi natembea mbele. We unifuate pole pole. Na hii mataa usiiguse." Tukapanda hivyo hadi Mahoko, yeye na yule mzee wa baiskeli mbele, mimi nyuma nikikifuata kitenge. Ukungu ulipoanza kuinuka nikaona mabati ya soko, kifua kilifunguka, nikacheka peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu.

Siku hiyohiyo nilirudi Goma kubadilisha. Mzee Rashidi akafunga zile za manjano kwenye bampa, nami nikingoja anitukane. Alisema tu: "Ulinunua taa ili watu wakuone. Dereva ananunua taa ili aone watu." Kisha akanimiminia chai.

Siku ya soko iliyofuata, kwenye kona zilezile, mwanga wa manjano ulitambaa chini ya ukungu na nikaona ukingo wa mtaro na miguu ya watu waendao sokoni. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Devota alisinzia njia nzima, na sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko usingizi ule.

Basi mwanangu, ukitaka kufungia gari lako taa, anza kuifikiria barabara yako kabla hujaingia dukani. Msikilize fundi anayeijua, hata kama anakukera. Na siku utakayokosea, maana utakosea, zima mapema. Aibu ya kuzima mbele ya wanaokusifu ni ya dakika chache. Mimi kwa kuiogopa nilibakiza hatua moja nimuue baba wa watu.

Mungu akupe macho mazuri na breki nzuri. Akufikishe salama unakokwenda, na kila utakayemkuta njiani akitembea kwa miguu, naye afike kwake.