Maji ya Mtoto na Feni Iliyosimama

Bado nimeduwaa. Juzi, karibu na Maktau, lori tulilopanda kwenda Voi lilianza kufuka mvuke. Dereva akashuka, akamgeukia mama aliyempakata mtoto mwenye homa.

“Mama, nipe hicho kibuyu.”

“Haya ni maji ya mtoto, baba. Huku nyikani nitapata wapi mengine?”

“Injini ikifa, utambeba mpaka hospitali kwa miguu?”

Akampa. Yote yakamiminwa kwenye rejeta ya kupozea injini, yakachemka papo hapo. Ndipo dereva alipoinama kutazama feni. Injini inanguruma, feni imesimama tuli, na mkanda wa ngozi unaoizungusha unang'aa kwa mafuta.

“Nani kaupaka mafuta?” akauliza abiria mmoja.

“Mimi,” dereva akajibu. “Kwetu milimani, ngozi ya kubebea kuni hupakwa mafuta ya kondoo isikatike.”

“Kuni hazizunguki, bwana!” abiria akamaka. “Huu unateleza!”

Dereva akazima injini, akaufuta mkanda kwa kitambaa na vumbi kavu, na feni ikazunguka. Tulifika Voi mtoto midomo imekauka, lakini analia kwa nguvu, na hatukuwahi kufurahia kilio hivyo.

Madereva wetu, kutazama feni hakuhitaji hata tone la maji. Anzeni hapo.