Kipira cha Kubonyeza

Mpiga picha za ubongo hakai kitako hata umfunge kamba. Mguu unacheza, kalamu inagonga meza, na yeye humwimbia kila mgonjwa wimbo uleule: "Tulia, usitikisike! Ukizidiwa, bonyeza hiki kipira." Wengi hubonyeza kabla hajarudi kwenye kiti chake. Leo kaletwa kijana ambaye, asemavyo mama yake, tangu mwaka jana hacheki, haongei, chai hupoa mkononi mwake. Daktari anataka kujua kama kuna sehemu za ubongo zilizosinyaa. Picha zikatoka safi ajabu, mpiga picha akawa anapiga mluzi, mpaka alipoviona vizibo vya masikio mezani. Alisahau kumvalisha! Nusu saa nzima mashine imemgongea kijana wa watu kama nyundo kwenye bati. Akamkimbilia.

"Samahani, mdogo wangu! Mbona hukubonyeza?"

Kijana akasema, "Sijui."

Labda kipira kimeharibika. Mpiga picha akakibonyeza mwenyewe. Kengele ikalia, mama akaruka. Kijana hakupepesa jicho. Mpiga picha akabonyeza tena, na tena, mpaka mama akamshika mkono.

"Basi, mwanangu. Mimi nyumbani nilianza kwa kumgongea masufuria."