Siku Nilipoitetea Mashine ya Kulea Mtoto

Naandika haya hasira ikiwa bado haijaisha, na aibu nayo ipo, tena aibu ndiyo kubwa, maana juzi nimepita mtaa wa Gisimenti nikavuka barabara makusudi ili yule binti wa ukumbi wa sinema asinione, mimi mtu mzima mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu, najificha nyuma ya mwanamke anayeuza parachichi.

Chanzo ni shemeji yangu Yvan, mdogo wa mume wangu, anayesomea mambo ya filamu. Siku moja alinikuta jikoni akasema, "Shemeji, naomba kurekodi sauti za nyumbani kidogo, ni kazi ya shule." Mikono yangu iko kwenye unga, maziwa yanafurika, mwanangu Keza amefunga mdomo hataki uji, nikamjibu, "Rekodi, ila usiniulize kitu." Basi. Sikuuliza sauti gani wala ya kufanyia nini. Akaweka simu dirishani kama nusu saa, akashukuru, akaondoka (na sufuria yangu kubwa, hilo niligundua siku ya pili).

Sasa mjue hali yangu ilivyokuwa. Nilikuwa nimepata kazi kwenye duka la vitambaa Muhima, naanza Jumatatu. Baba Keza anaendesha lori, wiki nzima yuko njiani. Dada wa kazi ameondoka kwenda kuolewa. Wa kumwachia mtoto alibaki mmoja tu, mabukwe, yaani mama mkwe wangu, anayekaa Gahanga na kuku wake na mihogo yake. Nilishamwomba kwa simu mara mbili, mara zote mbili akanijibu "tutaona". Kwake mimi ni binti mwenye mdomo, nalea mtoto kwa kelele. Kwa hiyo Yvan alipotualika kwenye filamu yake Jumamosi alasiri nikajiona mjanja sana: nitampeleka mabukwe, atamwona kitinda mimba wake akipigiwa makofi, moyo utalainika, tukiwa tunatoka namwomba papo hapo na hatapata pa kukimbilia.

Ukumbi wenyewe uko ghorofani, chini wanachoma mishikaki, kwa hiyo tangu mwanzo tulitazama sinema tukinuka moshi. Mabukwe amevaa mushanana wake wa harusi, amekaa wima kama yuko kanisani. Keza nimempakata. Taa zikazimwa.

Jamani, ile filamu! Yvan alituambia ni ya majaribio, ya miaka mingi ijayo, wazazi wote wamehamia kwenye nyota na watoto wameachwa walelewe na mashine. Sawa. Ila kwanza tulionyeshwa ukuta mweupe. Ukuta tu. Dakika nne nzima (mabukwe aliniuliza kwa sauti kama umeme umekatika). Halafu ikatokea mashine yenyewe, inang'aa, ina jicho moja jekundu, na mimi nikaanza kuiangalia vizuri, nikaona mkono uliokwanguliwa, nikaona ule mbonyeo wa siku niliyoiangusha ngazini. Sufuria yangu! Ameipindua, ameipaka rangi ya fedha, ameitia tochi!

Sijamaliza kukasirika, ile sufuria ikafungua mdomo ikaongea. Kwa Kiswahili, na maandishi ya Kinyarwanda chini.

"Kula. Nimesema kula. Mara ngapi nikuambie? Usinitazame hivyo. Meza. MEZA!"

Ilikuwa sauti yangu. Ameivuta, ameifanya nzito, ina mwangwi kama inatoka kisimani, lakini ni yangu mtupu. Mimi nikikasirika Kinyarwanda kinanikimbia, kinabaki Kiswahili cha Karagwe nilikosomea hadi kidato cha nne. Nikasema moyoni hakuna atakayejua, na hapo Keza akateleza mapajani kama sabuni, akakimbia hadi mbele ya pazia, kivuli chake kikajaa kwenye picha, akaipigia kelele ile sufuria: "Mama! Mama yuko kwenye sufuria!"

Ukumbi mzima ukacheka, kicheko kizuri tu, walidhani ni utoto. Nilienda kumchukua nimeinama kama mwizi. Niliporudi, mabukwe hakucheka. Alinitazama tu, akatazama mbele.

Filamu ikaisha (mtoto anaipenda ile mashine mwishoni, au anaizima, sikuelewa, nadhani na Yvan hakuelewa). Akasimama binti wa miwani mikubwa, mwongozaji wa mazungumzo, akasema kwanza tutasikia maoni kwa mdomo, na wenye aibu waandike kwenye karatasi bila jina, zitapitishwa kwenye kikapu na yeye atazisoma.

Mama mmoja akasema hakuelewa chochote ila taa zilimpendeza. Akafuata kijana wa ndevu za kuchonga, mkono mfukoni: "Kwangu ile sauti ndiyo ilinitisha. Ni ukatili mtupu, kama askari kwenye kizuizi. Hakuna mama duniani anayeweza kuongea hivyo na mtoto. Yvan amefaulu kutuundia kitu ambacho si binadamu."

Watu wakampigia makofi! Na Yvan pale mbele anaitikia kwa kichwa, mpumbavu, anajua kabisa nimekaa safu ya tatu!

Damu ilinipanda. Karatasi zao ziliishia safu ya pili, kwa hiyo nikapekua mkoba nikakuta karatasi imekunjwa, kalamu sina, nikatoa kalamu ya wanja, nikaandika juu ya goti kwenye mwanga hafifu, kwa nguvu hadi wanja ukavunjika:

"Hiyo mashine imeamka saa kumi na moja alfajiri. Imepika uji, ukamwagwa. Imepika mwingine. Wewe mwenye ndevu umewahi kulisha mtoto aliyefunga mdomo? Ingekuwa haina roho ingemwacha alale njaa, yenyewe ikapumzike. Na mwenye filamu arudishe sufuria."

Nikatupa kikapuni, roho kwatu.

Lakini ile karatasi sikuigeuza kuangalia upande wa pili, na hilo ndilo kosa langu kubwa. Upande wa pili ilikuwa na kazi yake. Mwezi uliopita mtaani kwetu kwenye umugoroba w'imiryango, ule mkutano wa jioni ambapo familia hutoa matatizo yao mbele ya majirani, kiongozi alituambia kila mtu aandike kwanza yanayomuuma, asije akafika pale akaanza kutukana. Mimi nikaandika ya mabukwe. Siku ilipofika nikaona haya, nikaikunja nikaificha mkobani.

Yule binti akasoma maoni yangu. Kiswahili kinampiga chenga lakini alijitahidi, watu wakacheka alipofika kwenye sufuria, kijana wa ndevu akashika ndevu. Nikaanza kutabasamu. Ndipo akasema, "Subiri, inaendelea nyuma," akageuza.

"Moja. Anakuja bila kutoa taarifa."

Nikajua ni karatasi gani.

"Naona hapa mwandishi anachambua tabia ya mashine," akatufafanulia. Watu wakaitikia. Yule wa ndevu akatoa daftari, akaandika!

"Mbili. Akifika anafunua masufuria yangu yote kabla ya kunisalimia."

Wakaitikia tena, ila polepole. Mabukwe alikuwa amegeuza shingo taratibu, jicho lote liko kwangu.

"Tatu. Anawaambia watu ndizi zangu hazina chumvi."

"Chumvi?" mtu akauliza nyuma.

Binti akasita. "Hapa sijui... labda ni mfano wa..."

"Soma na la nne," akasema mabukwe, kwa sauti ile anayofukuzia kuku.

Nikamshika mkono. "Mama, twende, mtoto ana usingizi." Mtoto anacheza na kofia ya mtu, macho makavu kabisa.

"Soma, binti yangu. Usiogope."

Binti akasoma la nne kwa sauti ndogo. "Nne. Sijawahi kusikia akisema, hata siku moja, kwamba namlea Keza vizuri."

Chini mishikaki inasikika ikichuruza mafuta. Mimi natazama viatu vyangu, na machozi haya ya kijinga yameshafika. Nilikuwa nahesabu: kazi imekwenda, Jumatatu nitampigia mwenye duka nimwambie nini?

Mabukwe akasimama. Akatengeneza mushanana begani, akaomba kipaza sauti.

"Mimi ndiye mama wa huyu aliyetengeneza filamu," akasema. "Na hiyo mashine mnayoisema ni mkwe wangu, huyu hapa." Akaninyooshea kidole! Watu mia wakageuka. "Wewe kijana wa ndevu, umesema hakuna mama anaongea hivyo. Mimi nililea sita nikiongea hivyo. Yvan alikuwa anatema uji ukutani. Ungenisikia ungekimbilia Burundi."

Wakacheka, na yule kijana akacheka, akaweka mkono kifuani kuniomba radhi. Mabukwe hakucheka.

"Huyu mtoto aliyekimbia mbele mmemwona mashavu? Yale mashavu hayakutoka kwenye ukuta mweupe." Akakaa kidogo, kisha akasimama tena, kipaza sauti bado anacho. "Na ndizi zake kweli hazina chumvi."

Walipiga makofi kuliko waliyopigia filamu. Wanawake wawili nisiowajua walikuja kunikumbatia. Yvan alikuja na "Shemeji, samahani, nilitaka sauti ya kweli," nikamwambia aniletee sufuria kwanza, samahani itafuata.

Tulishuka ngazi. Kwenye kituo cha moto, yaani pikipiki za abiria, mabukwe akavaa kofia ya abiria juu ya kilemba, imekaa upande, akapanda. Mimi sikuthubutu kuomba chochote, ule ujanja wangu wote ulikuwa umeisha. Yeye ndiye aliyegeuka.

"Mama Keza. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Nimetoa taarifa, usije ukaandika."

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili: mtu akiniomba kurekodi nitamuuliza maswali hadi achoke, na hakuna karatasi itakayotoka mkononi mwangu sijaigeuza. Sufuria haijarudi. Keza kila nikipika anataka nimnyanyue achungulie ndani, aone kama nimo.

Na Jumatatu mabukwe alifika saa kumi na mbili kasorobo, akapita moja kwa moja jikoni, akafunua masufuria yote mawili yaliyobaki, akaongeza chumvi, ndipo akanisalimia. Sikuandika popote.