Dawa ya Mti

Mama yangu alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Kila antibiotiki aliyopewa ilishindwa, na daktari alikuwa ameanza kutaja kuukata mguu. Mimi ndiye msomi wa nyumba yetu: nafanya kazi maabara, natafuta dawa kwenye mimea na kuvu. Ni kazi ya kuvunja moyo. Unasaga magome, unayaloweka, unawadondoshea bakteria maji yake, na kesho yake unakuta wamenawiri.

Lakini gome la mti mmoja, ulio mpakani mwa shamba letu la chai karibu na Litein, liliwaua bakteria wa kidonda cha Mama. Nilijaribu miti ya aina hiyo hiyo kutoka Kedowa, haikufanya lolote. Nikashuku kuna kuvu inayoishi chini ya gome la ule wetu tu. Nilijua vizuri kwamba kutoka kisahani cha maabara hadi mguu wa mtu ni miaka mingi. Hata hivyo nilimwambia Mama nimepata, na sijajisamehe.

Gome likaniishia. Nikampigia simu ndugu yangu anayelima pale.

"Niwekee dawa ya ule mti wa mpakani. Nakuja Jumamosi."

"Sawa, bro. Hiyo nafanya leo leo."

Nilipofika alinipeleka mwenyewe, akitabasamu. Mti ulikuwa umechunwa gome kuzunguka shina lote, ukapakwa dawa ya magugu, ile kali.

"Si ulisema niweke dawa ya mti? Nimeweka mara mbili. Hii mti imetusumbua sana, majani chai ya hapa chini haipati jua."

Kwetu dawa ni dawa: ya kichwa, ya kupe, ya panya. Mkulima gani angesikia "dawa ya mti" akafikiria kuponya? Nilimwita mjinga hata hivyo, na mjinga nilikuwa mimi. Gome alilochuna lilikuwa limeshachomwa kuchemshia chai. Nilikwangua matawi ya juu, nikayapeleka maabara, hayakuua kitu. Nilikata tamaa kabisa.

Asubuhi ya kukatwa mguu, Mama alinishika mkono wodini.

"Ile dawa yako iko tayari, kijana yangu?"

"Bado kidogo, Mama."

"Basi waambie wangoje."