Mikebe ya Shubiri

Mama alipanda shubiri kwenye mikebe mikuukuu ya mafuta ya kupikia, akaipanga nje ya mlango wetu kule Kariobangi, mahali ambapo majirani walianika viatu. Sisi Wakamba tuliiita kiluma. Jirani wa mlango wa pili, ambaye kwao ni magharibi mwa nchi, aliiita ogaka.

Baba alikuwa mchongaji wa vinyago. Patasi ilipomteleza, Mama alikata jani akamkamulia utomvu kwenye kidole. Kuku wetu watatu walikunywa maji yaliyotiwa vipande vya majani hayo, maana Mama aliamini yanawakinga na maradhi. Mdogo wangu aliacha kunyonya ndani ya siku mbili tu, baada ya Mama kujipaka utomvu ule mchungu kwenye titi. Nakumbuka alivyomkodolea Mama macho, kana kwamba amemwona mtu mgeni.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa yule jirani alishikwa na homa. Jirani akachuma jani bila kumwuliza mtu, akalichemsha, akamnywesha mtoto. Kesho yake mtoto alikuwa akiharisha, amelegea kama kitambaa. Mama alipopata habari alimkemea jirani, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaenda naye mbio zahanati. Kumbe ni malaria. Alitibiwa, akapona.

Kanisani kwetu zilifika habari nyingine: kwamba Mama ni mganga na dawa yake nusura iue mtoto. Alhamisi jioni wazee wawili wa kanisa wakatutembelea. Walikunywa chai yetu hadi vikombe vikawa vitupu, ndipo wakamwambia Mama aing'oe ile mimea kabla ya Jumapili, la sivyo aache kuongoza nyimbo za kina mama.

Baba, ambaye hakupenda ugomvi, alipendekeza ing'olewe nusu tu, waone tumetii. Mama hakumtazama. Aliwatazama wageni.

"Sing'oi hata jani moja," alisema. "Nionyesheni niliyemdhuru, nami nitaing'oa yote kwa mikono yangu."

Wazee waliaga, wakaenda.

Jumapili Mama alivaa gauni lake la bluu, akaketi benchi la mbele. Mwingine ndiye aliyeanzisha wimbo. Mama aliitikia kwa sauti iliyofunika ya wote, nami niliyeketi kando yake nikainama kwa aibu.

Tuliporudi nyumbani tulikuta mikebe imepinduliwa, shubiri imekanyagwakanyagwa. Nililia. Mama alinituma maji, akachutama pale mlangoni na gauni lake la kanisani, akaokota kila shina lililosalia na mzizi, akalipanda upya. Wapita njia walimtazama. Aliwasalimu mmoja mmoja, na wote wakalazimika kuitikia.

Wiki nzima watoto wa ploti, ua wetu wa vyumba vya kupanga, waliniita mtoto wa mganga. Siku ya kwanza nilikimbia. Siku ya tatu nilisimama nikawaambia ndiyo, na nani ana kidonda? Wakacheka, lakini mmoja alininyooshea goti lake lililochubuka.

Jumapili iliyofuata yule jirani, ambaye hata hakuwa wa kanisa letu, aliingia na mtoto wake mgongoni. Wakati wa ushuhuda akasimama.

"Dawa nilimpa mtoto mimi mwenyewe," alisema. "Huyu mama ndiye aliyemkimbiza zahanati."

Mzee mmoja akamshukuru, akaomba tuimbe. Hakuna aliyeomba msamaha.

Baada ya siku chache wazee walimtuma mtu kumwambia Mama kwamba anaweza kurudi kuongoza nyimbo. Mama alimkaribisha chai, kisha akamrudisha na ujumbe.

"Waliniondoa mbele ya watu. Wanirudishe mbele ya watu."

Hawakufanya hivyo, naye hakuwabembeleza. Aliendelea kuketi benchi lile la mbele, akiimba kwa sauti ileile, mpaka mwaka tuliohama Kariobangi. Nami nilikuwa nimeacha kuinama zamani.