Fundi Jibini wa Masisi Ajazaye Mirija ya Angani

Saa mbili na robo asubuhi, Ernestine Mutesi anasimama mbele ya sanduku la baridi lililorudi kutoka angani, na haligusi. Amevaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu. Yanaonekana macho tu. Mikono yenye glavu ameikunja kifuani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Nje ya kiwanda hiki cha Fridley, jimbo la Minnesota, Marekani, theluji ya Machi imegeuka tope. Ndani hakuna vumbi wala harufu, na anayetaka kupiga chafya hutoka kwanza. Watu wanne wamekaa roho juu, naye kuliko wote.

Sandukuni mna mirija kumi na miwili ya kioo, myembamba kama kalamu. Aliijaza yeye kwa mkono wake, majimaji ya protini, kisha ikapaa hadi kituo cha anga za juu ikakaa siku arobaini na moja. Kule hakuna kinachozama wala kinachoelea, hivyo protini hujipanga tabaka juu ya tabaka mpaka iwe utando laini, ulio sawa kila upande. Duniani utando huo hugoma kutoka vizuri, maana uzito huuvuta chini. Madaktari wanatumaini siku moja kuushona juu ya macho yaliyoungua.

Sanduku la kwanza liliharibika. Hili la pili nalo likiharibika, kampuni itaikabidhi kazi ya kujaza kwa mashine iliyo jimbo jingine, na Ernestine, mwenye miaka 49, atarudi alikotoka, ghalani, kufunga maboksi. Tangu Januari hana raha.

"Boksi najua kufunga," anasema. "Lakini hii kazi ndiyo kitu moja tu ya kwetu yenye nilipata huku."

Ya kwao kivipi? Milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na mitambo ya angani, wapi na wapi? Muulize mwenyewe, ila usiwe na haraka.

Baba yake, Ndagijimana, alikuwa na kiwanda kidogo cha jibini, chumba cha mbao kilichotazama malisho. Maziwa yalifika asubuhi yangali na joto la ng'ombe. Ernestine aliingia humo akiwa na miaka tisa, na wiki nzima ya kwanza hakuruhusiwa kugusa kitu. Kazi yake ilikuwa kunawa mikono na kutazama. Anakumbuka meza zilizosuguliwa mpaka zikapauka, vitambaa vilivyochemshwa kila jioni, na jibini za manjano zikisubiri lori la Goma. Akifika hapo sauti hushuka, macho yakaenda mbali, nawe unajua hayuko tena Minnesota.

"Papa alikuwa anatukataza hata kupumua juu ya maziwa," anasema, akicheka. "Siku nafika hapa, dada Lois, mkubwa wetu wa kazi, ananionyesha kunawa, kuvaa, kutembea pole pole. Nikalia. Alifikiri niko naogopa."

Vita vya 1996 viliondoka na ng'ombe wote na kile chumba chenyewe. Ernestine alikuwa na miaka ishirini. Familia ilivuka mpaka, ikaishia kambi ya Gihembe nchini Rwanda, na hapo akakaa miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia Marekani. Hakukuwa na maziwa ya kugandisha hata kikombe. Mzee alibaki kuwasimulia wajukuu jinsi ya kupima joto kwa kiwiko, hadi alipofariki mwaka 2009. Inauma kumfikiria fundi yule, mikono mitupu, akifundisha kwa maneno matupu.

Sasa lile kosa lililoharibu sanduku la kwanza. Maelekezo yalisema kila kiputo cha hewa kitolewe mrijani. Ernestine alivitoa, ila vile vidogo vilivyobaki shingoni akavisamehe. Ndivyo maziwa yalivyomlea: ukiyaacha yatulie, povu hupanda lenyewe, nawe huliengua.

"Nikaona iko pale juu, haina shida," anaeleza. "Sikufikiri kule angani povu haijui kupanda."

Kweli halikupanda. Viputo vilitangatanga hadi katikati ya mirija, utando ukajijenga kuvizunguka, ukarudi umejaa matundu. Wahandisi wakaulaumu mtambo wa kule kituoni. Hakuna aliyemtazama Ernestine, angenyamaza, yangepita. Siku ya tatu ya mikutano akanyoosha mkono, akajipalia makaa mwenyewe.

Lois Wambui, Mkenya mzaliwa wa Nyeri anayesimamia chumba hiki cha kujazia mirija, hajaisahau siku ile. "Mama Héritière alitu-save miezi," anasema, akimwita Ernestine kwa jina la mwanawe. "Tungekuwa bado tuna-check mashine. Nikawaambia wakubwa, mtu wa kukubali makosa hivyo, mpatieni box ya pili."

Wakubwa walikubali shingo upande. Ernestine akatumia siku sita kwa kazi ya siku mbili. Kila mrija aliulaza, akaujaza taratibu, kisha akaugeuza mbele ya taa pande zote, na akiona hata kivuli cha kiputo alimwaga akaanza upya.

Asubuhi hii Lois anafungua kifuniko cha sanduku. Mrija mmoja mmoja unapita chini ya darubini, naye Ernestine anahesabu kwa Kifaransa ndani ya barakoa. Wa kwanza ni safi. Wa pili ni safi. Wanafika kumi na moja bila tundu. Wa kumi na mbili unalo moja, dogo kuliko punje ya ulezi.

Lois anamshika bega. Anamwambia kazi inabaki Fridley, tena Jumatatu wanakuja wafanyakazi wapya wawili wa kufundishwa kujaza, na mwalimu ni yeye. Ernestine anaketi. Machozi yanamtoka, na kwa kuwa glavu haziruhusiwi kugusa uso, anayaacha yashuke.

Lois anapotaka kuutupa ule mrija wa kumi na mbili, Ernestine anamwomba auache mezani. Siku ya kwanza anakusudia kuuweka mbele ya wageni hao wawili, awaambie ni nani aliyeuharibu, na vipi.

"Papa alikufa na byote yenye alijua," anasema. "Mimi ndiye mtoto wa mwisho yenye alifundisha. Sitaki iishie kwangu."